Buruse (ufadhili wa masomo) ya doktora kwa wanawake wa Bukavu, Goma na Lubumbashi: pesa iko wapi, na inaishia wapi

MamaKarhale (mwanzisha uzi)

Jambo kwenu wote. Naanzisha uzi huu kwa sababu swali ni lile lile kila mara kwenye makundi yetu ya WhatsApp: "Mama, kuna buruse gani kwa mwanamke anayetaka kufanya doktora?" Mtu anatupia tangazo, wengine wanaweka mikono ya kuomba, kesho yake tangazo limezikwa chini ya salamu za Jumapili na habari za msiba. Hapa angalau mtu ataweza kurudi na kusoma.

Mimi ni CT (chef de travaux, cheo kati ya asistanti na profesa) katika kitivo cha kilimo hapa Bukavu, na niko kwenye tasnifu kuhusu udongo unaoporomoka kwenye milima ya Kabare na Walungu kila msimu wa mvua. Nimeolewa, nina watoto. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndiyo kiini cha uzi wenyewe.

Buruse za wanawake zipo, na ni nyingi kuliko tunavyodhani. Lakini karibu zote zimepangwa kana kwamba mwanafunzi hana nyumba nyuma yake. Zinalipa ada ya chuo, tiketi, bima, na posho ya mtu mmoja. Mtu wa kubaki na mtoto hayumo. Minervali (ada ya shule) ya watoto wanaobaki haimo. Ile miezi ya kukimbiza pasipoti na viza, ambayo primu (malipo ya chuo kwa wafanyakazi wake) imeshakatwa na posho bado haijaanza, haimo. Wanawake niliowaona wakiacha tasnifu njiani waliachia hapo, na walikuwa na pointi nzuri kuliko wanaume waliomaliza. Kwa hiyo mimi siulizi kwanza buruse gani ni kubwa. Nauliza: itaniachia kazi yangu? Inajua kwamba nina mtoto?

Tazameni njia yenyewe ilivyo kwetu. Msichana anamaliza licence (shahada ya chuo), wanambakisha kama asistanti. Mandati (kipindi cha kazi) ya kwanza, mandati ya pili. Wengi bado hawana matrikule (namba ya mtumishi wa serikali), wanaishi kwa primu inayotoka kwenye ada za wanafunzi, na wanafunzi wasipolipa hakuna primu. Anatafuta DEA (diploma ya kabla ya doktora) au master, anachapisha, anapanda kuwa CT. Ndipo anafika mlango wa doktora, na wakati huo amevuka miaka 30, ameolewa, amezaa. Sasa fungua buruse ya Eiffel ya Ufaransa kwa ngazi ya doktora: kikomo cha umri ni miaka 30. Hawakuandika "wanawake wa Congo wasiombe", lakini kwa hesabu ya maisha yetu ni kama wameandika.

Na msikubali mtu awaambie mmechelewa. Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi hapa Bukavu alitetea tasnifu yake Bruxelles mwaka 2015, akiwa na miaka 60, na mji mzima ulishangilia. Mwanamke wa miaka 38 akisema anaanza doktora, watu wa mji huo huo wanamwuliza watoto atawaacha na nani.

Naendelea na orodha hapo chini. Nawaomba mnaojua zaidi muongeze.


MamaKarhale

Haya, pesa yenyewe.

Ninayoipendekeza kwanza kwa mtu wa sayansi ni ya OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Lilianzishwa 1987, makao yake ni Trieste, Italia, chini ya mwavuli wa UNESCO. Buruse yao ya doktora ni ya wanawake kutoka nchi walizoziorodhesha kuwa nyuma kisayansi, na Congo yetu imo. Sharti kubwa ni kwamba usisomee Ulaya wala Marekani. Unasoma katika nchi nyingine ya Kusini, kwa mfano Kenya, Afrika Kusini au India. Ni ya sayansi asilia, uhandisi na teknolojia ya habari. Sheria, sosholojia na saikolojia hawazipokei, kwa hiyo dada zangu wa vitivo hivyo msipoteze usiku wenu pale.

Kwao kuna njia mbili. Ya kwanza: unahamia chuo mwenyeji moja kwa moja, hadi miaka 4. Ya pili, ambayo watu hawaisomi vizuri: unabaki umeandikishwa katika chuo chako cha nyumbani, halafu unaenda maabara ya chuo mwenyeji kwa vipindi na kurudi. Kwa mwanamke mwenye nafasi ya kazi na watoto, hii ya pili ina thamani ambayo huioni kwenye jedwali la posho. Hupotezi nafasi yako kitivoni. Mtoto anakuona. Na utafiti wako unabaki kwenye ardhi ya hapa. Onyo moja: ukiwa tayari umeshahamia nchi mwenyeji kabla ya kuomba, hawakupokei. Msikimbilie kwenda Kampala au Nairobi "kusubiri huko".

Wabelgiji nao wana mfumo unaofanana na huo, tunauita alternance: miezi kadhaa kule, miezi kadhaa huku, mwaka hadi mwaka. Upande wa Flanders ni VLIR-UOS, ambayo imeshirikiana kwa miaka na Université Catholique de Bukavu. Upande wa Kifaransa ni ARES, ambayo inafanya kazi na vyuo vya Congo, UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) ikiwemo. Huku mara nyingi buruse inapita ndani ya mradi, haitangazwi barabarani. Ukingoja tangazo, utasikia jina la mwenzako limeshapita. Inabidi umjue profesa anayeshika mradi, ujulishe mapema kwamba unataka, na hapo ndipo wanawake wanaachwa, kwa sababu mazungumzo hayo yanafanyika jioni, kwenye meza ambazo sisi hatukai.

Kwa watu wa kilimo kuna RUFORUM ya Kampala, mtandao wa vyuo vya Afrika. Tangu 2014 wana mpango wa vyuo kubadilishana asistanti: chuo kinachokupokea kinabeba ada ya masomo, chuo kinachokutuma kinabeba safari na maisha. Ni mzuri, lakini unategemea chuo chako kuwa mwanachama na kuwa na pesa ya kukutuma. Uliza rekta kabla ya kuota.

Kwa wale wanaotaka mbali, kuna Faculty for the Future ya Schlumberger Foundation, ipo tangu 2004, ni ya wanawake peke yao kutoka nchi zinazoendelea, sayansi na uhandisi, hadi dola 50,000 kwa mwaka kwa doktora. Ni pesa nene. Ushindani nao ni mkali, na wanaangalia sana kama umeshawahi kuwavuta wasichana wengine kwenye sayansi. Kama unafundisha fizikia lise fulani Jumamosi bila malipo, iandike, msione aibu.

Kuna pia zawadi ya L'Oréal na UNESCO kwa vijana wanasayansi wa Afrika chini ya Sahara: euro 10,000 kwa aliye kwenye doktora, 15,000 kwa aliyeimaliza. Hii haikubebi toka mwanzo hadi mwisho. Ni ya mtu ambaye tayari ana matokeo mkononi na amekwama.

Watu wa sayansi za jamii: CODESRIA ya Dakar imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu, na inapokea Kifaransa. Ndogo, ndiyo, lakini mara nyingine kinachokosekana ni pesa ya kukaa kijijini na kulipa wanaokusaidia kuhoji watu.

Na tafadhali, acheni kusambaza matangazo ya Commonwealth. Rwanda imo tangu 2009, sisi hatumo. Kila mwaka kuna msichana anayejaza fomu ile mpaka ukurasa wa mwisho ndipo aone orodha ya nchi.


Binti_Himbi

Aksanti sana Mama. Mimi niko Goma, nilimaliza jiolojia mfumo wa zamani, graduat miaka 3 na licence miaka 2. Master sina. Sasa hao OWSD wanasema lazima master. Niko na swali: mimi nimefungiwa kabisa? Na lingine, Kiingereza changu ni cha kusoma, cha kuongea bado.


MamaKarhale

Mdogo wangu, hujafungiwa, lakini kuna kazi. Licence yetu ya zamani ni miaka 5 baada ya diploma ya serikali (ya kumaliza sekondari). Wafaransa na Wabelgiji wanaielewa, wanahesabu bac+5. Wenye mfumo wa Kiingereza wanasoma neno "licence" wanadhani ni ile ya miaka 3, wanakurudisha chini. Kwa hiyo omba barua kutoka kwa katibu mkuu wa kitaaluma wa chuo chako inayoeleza miaka 5, saa za masomo, na kwamba uliandika na kutetea memwari (andiko la mwisho wa masomo). Tuma barua hiyo kwa chuo mwenyeji kwanza, kabla ya mfadhili. Chuo kikikubali kukuandikisha kwa doktora, una silaha. Kisipokubali, afadhali ujue mapema na utafute master. Mfumo wa LMD (licence, master, doktora) ulioanza vyuoni mwetu tangu 2021 utawasaidia wadogo zenu, lakini ninyi wa zamani lazima mjieleze.

Kiingereza anza leo. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hapo kuna jambo ambalo watu wetu hawaulizi: vyuo vya jirani vina ada ya raia wa jumuiya na ada ya mgeni, na tofauti inaweza kuwa kubwa sana. Mwandikie msajili, uliza Mkongo anahesabiwa wapi. Usikubali kulipa kama mgeni kabla hujauliza kwa maandishi.


Papa_Ndosho

Nasoma kwa heshima, Mama, ila niruhusuni niseme. Hata sisi wanaume asistanti hatuna matrikule, hatuna primu, tunalea watoto. Kwa nini buruse za wanawake peke yao? Kijana wa kiume wa Ndosho aliyefaulu vizuri afanye nini? Naona kama tunarekebisha kosa moja kwa kutengeneza lingine.


MamaKarhale

Papa, swali lako ni la haki na silirushi pembeni. Umaskini wa asistanti hauna jinsia, na nitasaini barua yoyote ya kudai matrikule kwa wote.

Lakini tazama kinachotokea tukipata buruse ile ile, wewe na mimi. Wewe ukienda Liège, Ubelgiji, miaka 4, mke wako anabaki na watoto, na mtaa unamsifu kwa uvumilivu. Mimi nikienda, mtaa unamwonea huruma mume wangu, na mama mkwe anaanza kumtafutia msaidizi. Wewe unaenda na posho nzima. Mimi natoa kwenye posho hiyo hiyo pesa ya mtu anayekaa na watoto, kwa sababu kazi ambayo mke wako anakufanyia bila malipo, kwangu lazima inunuliwe. Kwa hiyo hatukupata buruse sawa hata kama tarakimu ni sawa.

Na nikupe mfano wa Wakongo wenyewe. Thomas Kanza alipata shahada yake Louvain mwaka 1956, kati ya Wakongo wa kwanza kabisa. Dada yake Sophie alipata yake Geneva mwaka 1964, mwanamke Mkongo wa kwanza kufika pale, na miaka miwili baadaye akawa waziri, mwanamke wa kwanza nchini. Kaka na dada wa nyumba moja. Baba aliwabeba wote, wote wakafika. Buruse ya wanawake inajaribu kufanya kazi ya baba yule kwa wasichana ambao nyumbani kwao pesa ya masomo ikipungua, jina lao linakatwa kwanza. Hata Wangari Maathai jirani yetu wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata doktora, ilikuwa 1971. Watu waliokuwepo siku ile bado wako hai. Si historia ya zamani hii.


Kasapa_Kemia

Mimi niko Lubumbashi, kemia, napima metali nzito kwenye maji na mboga karibu na migodi. Nakubaliana na MamaKarhale na naongeza upande ambao hajaugusa: maabara.

Hapa kwetu tuna sampuli za ajabu, dunia nzima inatamani kuja kuchukua kobalti yetu na hata kupima sumu yake. Lakini kupima sampuli moja vizuri mara nyingi maana yake ni kuituma nje, na kila sampuli ina bei yake. Buruse inasema "gharama za utafiti" na kuweka kiasi ambacho kinaisha kabla ya msimu wa kiangazi. Wenzangu wa kiume wanajaza pengo kwa kazi za ushauri kwenye makampuni ya migodi. Wanaenda Kolwezi mwisho wa wiki, wanalala huko, wanarudi na pesa ya vitendanishi. Mimi nina mtoto anayenyonya, Kolwezi ya kulala siwezi. Pengo lile lile, njia ya kulijaza wanayo wao.

Kilichonisaidia ni alternance. Niliomba msimamizi wa kule apange vipimo vyote vizito katika vipindi nilivyo kule, na huku nibaki na kukusanya na kuandika. Mama yangu alihamia kwangu kutoka Likasi kukaa na mtoto. Niliandika kwenye bajeti ya mradi "msaada wa familia wakati wa kukaa nje", nikiwa nangojea wanicheke. Hawakucheka. Walisema hawana mstari huo, ila wangeweza kuongeza kwenye posho ya kusafiri. Hawakupata kufikiria jambo hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaandikia. Andikeni, dada zangu. Hata wakikataa, wa kumi akiandika watachoka kukataa.


Muuguzi_Panzi

Mimi si wa doktora, ila mdogo wangu yuko kwenye mbio hizo na nataka kusema jambo la sheria kwa sababu limetusumbua nyumbani. Ofisi moja ilimwomba "idhini ya mume" ili apokee faili lake la safari. Shemeji alisaini bila tatizo, lakini mimi niliuliza kwa mwanasheria. Kumbe kile kifungu cha 448 cha Code de la famille (sheria ya familia) ya 1987, kilichomtaka mke kupata ruhusa ya mume kwa tendo la kisheria, kilibadilishwa na sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kuna pia sheria ya usawa ya 2015 na kifungu cha 14 cha Katiba. Mtu akikuomba karatasi hiyo, mwombe kwa upole akuonyeshe andiko linaloidai. Wengi wanafuata mazoea ya mkubwa wao aliyestaafu.


MamaKarhale

Aksanti yaya Muuguzi. Hili nalijua watu wengi hawalijui, hata maprofesa. Ila kwa mwanamke aliyeolewa, sheria peke yake haimalizi mazungumzo ya nyumbani. Kaeni na waume zenu mezani na karatasi ya bajeti, si na tangazo. Mume wangu hakuwa adui wa doktora. Alikuwa anaogopa asichokiona: nani atalipa shule Septemba, nani atampeleka mtoto hospitali. Tulipoandika kila kitu, mwezi kwa mwezi, aliona mashimo mawili na yeye mwenyewe akapendekeza la kufanya kwa moja. Likelemba (mchango wa kupokezana) ya dada zake iliziba la pili.


Binti_Himbi

Mama, na pesa yenyewe inafikaje? Huku benki zilifunga. Rafiki yangu alipata ruzuku ndogo, mfadhili anadai akaunti ya benki kwa jina lake, ndani ya nchi yake. Alikaa miezi.


MamaKarhale

Ndiyo, tangu waasi wa M23 wauchukue mji wenu mwishoni mwa Januari 2025 na wetu Februari, hili limekuwa donda. Wengi wetu hapa wamefungua akaunti ng'ambo ya Ruzizi, Kamembe; ninyi mnaenda Gisenyi. Lakini mfadhili wa Ulaya akiona Mkongo anaomba pesa ziende Rwanda, anashtuka, anadhani ni utapeli. Msimwachie nafasi ya kushtuka. Mwandikieni kabla ya kusaini mkataba, mweleze hali ya benki, na uombe moja kati ya mambo haya: pesa ipite kwa chuo chako kama kina akaunti Kinshasa inayofanya kazi, au ilipwe na chuo mwenyeji ukifika, au iende kwa akaunti ya nje pamoja na barua ya mkuu wa kitivo kuthibitisha kwamba ni yako. Njia ya pili ndiyo salama zaidi kwa posho. Ya kwanza inategemea unawaamini vipi wahasibu wako, na hapo kila mtu ajibu mwenyewe.

Safari nayo. Viza za Ulaya zinapatikana Kinshasa, na bila ndege za Goma na za Kavumu, uwanja wetu wa Bukavu, mtu anazunguka Kigali au Bujumbura kufika mji mkuu wa nchi yake. Gharama hiyo mfadhili aliyekaa Trieste au Bruxelles hawezi kuibuni. Iandike kwa mistari: basi, mpaka, ndege, kulala, siku za kungoja. Buruse nyingi zinasema zinalipa "safari kutoka nchi ya nyumbani". Safari yako inaanza Himbi, mtaani kwako Goma, haianzi Kinshasa.

Na tukiwa hapo hapo kwenye pesa: yeyote anayekuomba dola 50 za "kufungua faili" kwa M-Pesa au Airtel Money, mkimbieni. Wafadhili niliowataja hawatozi mwombaji kitu kwa njia hiyo. Kuna watu wanaokula njaa ya wasichana wetu kwa matangazo ya uongo, na wanazidi wakati huu ambapo kila mtu anatafuta mlango wa kutokea.


Papa_Ndosho

Nimesoma jibu lako la jana, Mama, nikamsomea mke wangu. Yeye ana licence ya uchumi. Aliniuliza kama kuna kitu cha watu wa uchumi. Kwa hiyo leo swali ni la kwake.


Kasapa_Kemia

Papa, hapo umenifurahisha. Mwambie aangalie AERC ya Nairobi, ni muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, wana programu ya doktora na wamekuwa wakitafuta wanawake. Lugha ni Kiingereza zaidi, kwa hiyo ushauri wa MamaKarhale kuhusu lugha unamhusu pia. Na CODESRIA aliyoitaja juu, kama tasnifu yake inagusa jamii.

Jambo lingine kwa wote: ada za kuchapisha makala. Vyuo vyetu vinadai makala kabla ya kutetea, na majarida ya wazi yanatoza dola nyingi. Congo iko kwenye kundi la kwanza la Research4Life, maana yake chuo kikijiandikisha mnasoma Hinari, AGORA na hifadhi nyingine za makala za kisayansi bure. Na wachapishaji wengi wakubwa, kama PLOS na BMC, wanasamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini. Lakini msamaha lazima uuombe wakati wa kutuma makala, sio baada ya kukubaliwa. Najua watu waliokopa kwa dada zao kulipa kitu ambacho wangesamehewa kwa sentensi moja.


Binti_Himbi

Nimeamua. Nitaomba ile ya vipindi. Sasa barua ya motisha: niseme nina mtoto? Wengine wananiambia nifiche, wataona siko makini.


MamaKarhale

Usifiche, na pia usianze nayo. Barua ni ya utafiti wako. Mtu wa Trieste ana mafaili mamia mbele yake, anataka kujua katika aya ya kwanza unachotaka kugundua na kwa nini wewe. Watoto wako wana mahali pao: kwenye ratiba, ukieleza kwa nini vipindi vyako vya nje vimegawanywa hivyo, na kwenye bajeti, kama mwito unaruhusu. Hapo mtoto anaonekana kama sehemu ya mpango wa mtu mzima aliyejipanga.

Tuandikie hapa swali lako la utafiti kwa mistari mitatu. Tutalisoma wote.


Binti_Himbi

"Goma ina gesi ya mazuku inayoua watu na mifugo. Nataka kusoma tatizo hili ili kusaidia jamii. Utafiti wangu utachangia maendeleo ya nchi."


Kasapa_Kemia

Mada ni dhahabu. Mtu wa Trieste hatapata mada kama hiyo kutoka mji mwingine. Lakini mstari wa pili na wa tatu ungeweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu kitu chochote. Vyuo vya kutafuta: angalia idara za jiolojia Addis Ababa na Nairobi, wako kwenye Bonde la Ufa, volkano wanazijua. Mwandikie mtu mmoja aliyechapisha kuhusu gesi, umtajie makala yake.


MamaKarhale

Nakubaliana. Toa "jamii" na "maendeleo ya nchi", weka mtaa. Wapi hasa? Msimu gani? Unapima nini, kwa kimo gani kutoka ardhini? Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, inakaa mashimoni na mabondeni, na mtoto anayecheza yuko karibu na ardhi kuliko baba yake. Hilo peke yake ni swali la utafiti: watu wa kimo gani wako hatarini, saa ngapi, kwenye viwanja gani ambavyo watu wanajenga sasa baada ya kuhama.

Halafu bajeti. Gesi hiyo inajikusanya usiku upepo ukitulia, kwa hiyo utapima alfajiri, kabla jua halijapanda. Alfajiri nani yuko na mtoto wako? Huyo mtu umlipe, na umwandike kwenye gharama za uwanjani pamoja na dereva na betri za kipimo, kwa siku zile zile za kupima. Tuma mistari mipya leo jioni, na barua kwa katibu mkuu wa kitaaluma upeleke wiki hii, maana saini yake ndiyo itakayokuchelewesha kuliko kitu kingine chochote.